Kimo cha Gari la Bi Salma

Ukifungua mlango wa gari lililoshinda juani, kuna harufu inayotoka kabla ya joto lenyewe. Ni harufu ya kiti cha ngozi ya bandia kilichopikwa mchana kutwa, ya sponji kuukuu na vumbi lililojificha kwenye mishono, na kwa mbali, jasho la watu waliokwisha kushuka. Wiki iliyopita ilinipata Oud Metha, mjini Dubai, nje ya kliniki, nilipofungua mlango wa teksi. Dereva aliniuliza mara mbili ninakokwenda. Mimi nilikuwa nimesimama na mkono juu ya mlango, jua likiniunguza kisogo, nikiwa na miaka tisa.

Nawasimulia ninyi kwa sababu sijapata kumsimulia mtu anayenijua. Wanaonijua wangesema, ah, gari tu.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Al Garhoud, baba na mimi, katika chumba kilichotengwa kwa mbao nyembamba ndani ya fleti ya watu wengi. Upande wa pili wa ubao walilala walinzi wawili kutoka Kakamega. Wakikohoa, chai yetu ilitetemeka kikombeni. Mama alikuwa amefanya kazi ya kufua katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Mkataba wake ulipoisha hoteli ilisema khalas, imekwisha, viza nayo ikaisha, akarudi Nakuru kungoja nyingine. "Ni muda mfupi tu, Shiru," aliniambia asubuhi ile, huku akinifunga vifungo vya sare ya shule ambavyo nilijua kuvifunga mwenyewe. Ndege zilishuka juu ya paa letu siku nzima, chini kiasi kwamba uliyaona magurudumu yakining'inia. Kila moja niliitazama mpaka ilipopotea nyuma ya majengo, kisha nikaanza kukisia: sasa anangoja mizigo, sasa anatoka nje, sasa anavuka barabara. Nilimpa hata muda wa kusimama na kuuliza njia. Hakuna aliyevuka.

Siku mbaya ilikuwa Ijumaa. Shule ilifungwa, na akina dada wa fleti yetu, ambao siku nyingine wangenitupia jicho, walilala kama magogo kufidia wiki nzima ya kusimama hotelini. Baba alifanya kazi hadi alasiri, kisha ndipo tuende kanisani, maana ibada huko zilikuwa Ijumaa. Kwa hiyo alinichukua pamoja naye karakana, kule upande wa viwandani nyuma ya Garhoud, ambako arbab, mwenye karakana, hakuonekana Ijumaa, na kwa hiyo hapakuwa na wa kuuliza mtoto anatafuta nini katikati ya vyuma.

Baba alikuwa fundi wa springi. Injini, alikuwa akisema, ni kelele. Gari ni springi. Nilimjua zaidi kwa viatu vyake, kwa maana sehemu nyingine za mwili wake zilikuwa kila mara chini ya gari la mtu. Kazi yake ilikuwa kulirudishia gari kimo chake: mbele lisiiname kama linalonusa, nyuma lisikae kama mbwa, kushoto na kulia vilingane. Nilidhani watu wote duniani hutazama magari hivyo. Hadi leo nikivuka barabara natazama kwanza nafasi iliyopo kati ya gurudumu na madigadi, na rafiki zangu hudhani nina woga wa kugongwa.

Gari ninalotaka kuwaambia lilikuja mgongoni mwa lori. Lilikuwa la Kimarekani, la zamani, milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, rangi ya kijani iliyofifia mpaka ikafanana na majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Lilikuwa limechoka kiasi kwamba tumbo lake lilikaribia kugusa sakafu. Musa, Mganda aliyefanya kazi na baba, alipiga mluzi. Magari ya namna ile mjini Dubai huwa ya vijana wenye nazo, wanaoyataka pua chini na mkia juu, na mngurumo wa kuamsha mtaa. Sote tukatazama barabarani tukingoja kijana. Ikasimama teksi, akashuka mama mfupi wa umri wa bibi yangu, amevaa abaya na miwani mikubwa, mkononi chupa ya chai.

"Nani fundi wa springi hapa?" aliuliza kwa Kiswahili.

Baba aliinuka kwa haraka akagonga kichwa. "Ni mimi, madam."

"Madam wapo Jumeirah, kwa matajiri. Mie Bi Salma."

Alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa bi harusi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo gari lilikaa uani chini ya turubai mpaka likazama. "Bwana wangu alilinunua kabla hatujapata mtoto," alisema akilipapasa boneti. "Na mtoto hatukupata. Tukabaki na gari." Alicheka. Musa alianza kucheka naye, akamtazama baba, akageuka kutafuta spana.

"Sasa unatakaje, mama?" baba aliuliza. "Tuliweke chini kama ya hawa vijana, ama tulirudishe vile lilitoka kiwandani?"

"Likae kama lilivyokuwa likikaa."

"Sawa. Na nani ataendesha? Uzito wa dereva unabadilisha kimo, mama. Lazima nijue."

Bi Salma alifungua mkoba wake, akautazama ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo, akaufunga. "Weye litengeneze. Dereva atapatikana inshallah."

Baba alilivua springi zote nne, akaagiza mpya. Nilipenda kumwona akifanya kazi ile, maana haikuwa kazi ya kukimbia. Akishaweka springi alilishusha gari kutoka kwenye jeki, lakini hakulipima papo hapo. Gari lililotoka kwenye jeki, alisema, bado limejikaza kama mtu aliyeketishwa kwenye kiti cha daktari. Kwa hiyo yeye na Musa walilisukuma mbele kidogo, wakalirudisha nyuma, wakaegemea bampa na kulibonyeza mara kadhaa, hadi lilipoacha kujikaza. Ndipo Musa alipoingia na kukaa kwenye kiti cha dereva ili kuwa uzito.

"Kazi tamu kuliko zote," Musa alisema akiegemea. "Kulipwa kwa matako."

"Nyamaza, usipumue sana," baba alisema, akipima kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Vipimo vikalingana. Akarudi nyuma, akafuta mikono, akalitazama kutoka barabarani. Lilikuwa limesimama. Nilimwona baba akijisimamisha vizuri na yeye.

Ijumaa iliyofuata Bi Salma alikuja, akalizunguka polepole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaingia upande wa abiria, akafunga mlango, akakaa. Kiti cha mbele cha gari lile kilikuwa kimoja, kirefu, kama kochi. Alikaa miguu pamoja, mikono mapajani, akitazama mbele kwenye ukuta wa karakana kana kwamba ukuta ule ulikuwa barabara ya Abu Dhabi. Halafu akashusha kioo.

"Bado, fundi."

"Bado wapi, mama? Mbele ama nyuma?"

"Bado tu."

Na ndivyo ilivyoanza. Baba alishusha mbele kidogo. Bado. Akainua nyuma kidogo. Bado. Akarudisha mbele, akapunguza pumzi ya magurudumu, akaiongeza. Musa alishauri mkia upandishwe mpaka mama aone anga chini ya gari. Baba alimwambia akanywe maji. Kila Ijumaa Bi Salma alikuja baada ya kifungua kinywa na chupa yake ya chai ya tangawizi na mkate wa kumimina ndani ya kitambaa, na wakati baba akihangaika na karatasi za vipimo, mama huyu alikaa nami kivulini.

Siku ya pili alinitazama nywele. Tangu mama aondoke, baba ndiye aliyenisuka, na alinisuka kama anayekaza nati. Bi Salma alinivuta katikati ya magoti yake, akafumua yote bila kuniuliza. "Nani huyu kakufanyia uadui?" aliuliza kwa sauti ya kusikika chini ya gari.

"Ni mimi, mama," ilijibu sauti ya baba kutoka chini.

"Rudi kwenye springi zako!"

Vidole vyake vilinukia udi na tangawizi. Alisuka taratibu, akisimama kila mara kunieleza jambo: jinsi marehemu alivyokuwa pande la mtu, jinsi alivyokula embe kwa kisu na uma, jinsi alivyokataa maishani kukiri kwamba amepotea njia. Sikuwa nimeguswa kichwa kwa namna ile tangu mama aliponiacha, na mara ya kwanza nilibana macho ili lisitoke jambo la aibu. Wiki ile shuleni nilikataa kuvaa kofia ya michezo.

Basi mtaelewa. Nilijua kwamba siku gari litakapokaa sawa, Bi Salma atakwenda zake nalo, na Ijumaa zangu zitarudi kuwa ukuta na viatu vya baba. Kila alipoingia na kufunga mlango nilishika pumzi. Kila aliposhusha kioo na kusema bado, niliachia. Baba alikuwa anakonda kwa ajili ya gari lile, usiku alilichora pembezoni mwa gazeti, nami nilikuwa nikiomba, kwa bidii na kwa jina la Yesu, lisikae sawa kamwe.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya joto kali. Musa alikuwa amekwenda msikitini, na baba alikuwa amevuka barabara kuazima kifaa kwa jirani. Bi Salma alikuwa ndani ya gari, upande wake wa abiria. Mimi nilikuwa nimepewa kiti cha dereva, nashika usukani mwembamba na kujifanya nakwenda Nakuru. Chini yangu palikuwa na sauti ndogo, kama ya mtu anayepuliza chai. Gurudumu la mbele upande wangu lilikuwa linatoa pumzi.

Gari lilianza kuzama upande wa dereva, polepole sana. Kiti kile kilikuwa laini kwa miaka mingi ya kukaliwa, na abaya ya Bi Salma ilikuwa ya hariri. Aliteleza kuja kwangu kidogo kidogo, bila kujitahidi, kama kitabu kinavyoinama kwenye rafu, mpaka bega lake likakutana na langu.

Nilingoja ajiinue. Hakujiinua. Nilimtazama: alikuwa amefumba macho, na uso wake wote ulikuwa umelegea, kila kitu kilichokuwa kimeshikiliwa pale kikiwa kimewekwa chini. Akacheka, kicheko kidogo cha pembeni, cha msichana.

"Tulia hivyo hivyo, mwanangu," alisema. "Usisogee."

Sikusogea. Bega lake lilikuwa zito na la moto. Tulikaa hivyo mpaka baba aliporudi, akaona gurudumu, akashika kichwa. "Pole sana, mama! Pole! Shiru, mbona hukuniita?" Alileta pampu mbio. Gari likainuka, na nikalisikia bega la Bi Salma likiniacha, kwanza joto, kisha uzito, mpaka ikabaki nafasi. Alifungua macho. Akatengeneza mtandio wake, akawa tena mgeni wa heshima kwenye karakana.

"Vipi sasa, mama?" baba aliuliza. "Leo nimeshusha nyuma kama nusu kidole."

"Bado, fundi."

Nilijua, mimi peke yangu, kilichokosekana. Miaka yote ile pande la mtu lilikuwa limekaa upande wa kushoto, uliko usukani katika magari ya kule, springi za upande huo zikachoka kwa ajili yake, gari likalalia kwake, na mama huyu mdogo akawa anateleza kila safari mpaka kwenye bega la mumewe. Baba alikuwa amelinyoosha. Alikuwa amelitengeneza vizuri mno. Wiki nzima nilikaa na jambo hilo kama pipi iliyofichwa shavuni. Si kwamba nilipanga kunyamaza. Nilijiambia tu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa iliyofuata Bi Salma hakuleta mkate. Aliingia garini, akakaa, na kioo kikachelewa kushuka. Baba akaenda kusimama karibu na mlango, kitambaa mkononi. Kioo kiliposhuka nilimsikia akisema kwa sauti ya chini:

"Fundi, labda gari halina kosa. Labda ni mie. Labda nimeanza kusahau lilivyokuwa."

"Hapana, mama, tutalipata tu."

"Mtu akianza kusahau hili," alisema, "kesho atasahau lipi?" Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaifuta tena. "Nipe Ijumaa nyingine chache. Nije nikae humu. Huenda nikakumbuka."

Ijumaa nyingine chache! Ndicho kitu nilichokuwa nikiomba, nimeletewa mkononi. Angekuja na kuja, na kila mara angekaa humo akijitafuta kichwani, akiogopa. Nilimtazama akipanda teksi bila kunishika kichwa, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda kulia mahali pengine. Teksi ilipokata kona nilikwenda kwenye viatu vya baba.

"Baba. Gari lake lilikuwa linalalia kwa dereva."

Viatu vilitulia. "Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna. Lakini siku ile gurudumu liliisha pumzi, aliteleza akaniegemea, akacheka. Akaniambia nisisogee."

Baba alijivuta nje. Hakunitazama. Alikwenda kwenye rundo la vyuma vya kutupwa, akachokora, akarudi na springi mbili za zamani za mbele, akazisimamisha sakafuni bega kwa bega. Ya kushoto ilikuwa fupi kuliko mwenzake kwa upana wa dole gumba.

"Hii niliiona siku ya kwanza," alisema. "Nikadhani ni ugonjwa."

Musa aliinama kuziangalia. "Kwa hivyo tunaharibu gari zuri makusudi? Kamau, arbab akiona gari limetoka hapa limelala upande, atatulaza na sisi."

"Acha alale yeye."

"Na fundi mwingine akiuliza nani alifanya hii kazi?"

Baba alikaa kitako sakafuni. Kwa fundi wa springi hakuna aibu kubwa kuliko gari linalotoka mlangoni kwake likiwa limeinama. Ni kama mshonaji kumvisha bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mfupi. Alizigeuza springi zile mikononi mwake kwa muda mrefu. "Utamwambia ni Kamau," alisema hatimaye. "Leta msumeno."

Alikata springi mpya za upande wa kushoto, nusu pete tu kila moja, akilowesha chuma kwa maji kisipate moto. Walilisukuma mbele, wakalirudisha, wakalibonyeza. Safari hii Musa hakuitwa kukaa. Gari lilisimama likiwa limeinamia kushoto kidogo sana, kama mtu anayesikiliza.

Ijumaa ilipofika Bi Salma alisimama mbali, akatazama, na hatua zake zikakatika. Hakulizunguka. Aliingia upande wake, akafunga mlango. Aliteleza kidogo, na mkono wake ukatangulia kushuka katikati ya kiti, ukakaa pale, kiganja chini. Sikuweza kuuona uso wake. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka.

Kioo kilishuka.

"Khalas, fundi," alisema. Kisha: "Nani kakwambia?"

Nilisimama nyuma ya baba nikiwa nimeshika suruali yake. Baba alisafisha koo. "Springi ya zamani, mama. Ilikuwa fupi. Ndiyo ilinionyesha."

Bi Salma alimtazama, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama baba. "Springi hiyo," alisema, "Mungu aikuze."

Aliomba apelekwe nyumbani nalo, lakini kwanza azungushwe kidogo mjini. Baba alikuwa na leseni. Musa alibaki kufunga karakana. Baba aliosha mikono mara mbili na kutandika gazeti safi kwenye kiti chake. Mimi nilikimbilia mbele, nikapanda kiti kile kirefu, nikajiweka katikati, pale hasa ambapo mkono wa Bi Salma ulikuwa umekaa. Nilikuwa nimeamua kwamba safari hii ya mwisho ataniegemea mimi.

"Weye nyuma, mwanangu," alisema.

Alisema kwa upole, lakini alisema. Alishuka, akakunja mgongo wa kiti, akanipisha. Niliingia nyuma bila kumtazama.

Tulivuka daraja, tukapita Oud Metha, tukashuka kando ya hori la bahari linaloingia mjini, madirisha yote wazi. Injini ilinguruma chini kwa chini na watu kwenye vituo vya basi waligeuka. Kutoka nyuma niliona visogo viwili: cha Bi Salma, kilichofunikwa na mtandio mweusi, kikielekea katikati ya kiti, kikatulia hapo hewani, na cha baba, ambacho hakikuwa mahali kichwa cha dereva kinapopaswa kuwa. Baba alikuwa amejibanza kwenye mlango wake, bega limegandamizwa kwenye chuma, kiwiko kimening'inia nje, akiendesha kama mtu aliyebanwa na umati. Kati yao palikuwa na nafasi kubwa, ya kumtosha pande la mtu. Mimi nami, kiti cha nyuma kikiwa changu chote, niliteleza upande uleule mpaka shavu langu likakutana na kioo.

Mbele ya nyumba yake alinishika uso kwa mikono miwili, akanibusu utosini, na kunitakia dua ndefu ya Kiarabu ambayo sikuelewa neno lake hata moja. Kisha akaingia ndani. Ijumaa zilizofuata zilikuwa kama nilivyojua zitakavyokuwa. Nilijifunza kujisuka. Mwaka uliofuata viza ya mama ikawa haipatikani, nikapelekwa mimi Nakuru, na baba akabaki peke yake upande wetu wa ubao.

Nimekaa na Ijumaa ile miaka mingi, na nimeielewa vipande vipande. Kwanza nilielewa kwamba Bi Salma hakuwa amesahau lolote siku zile za mwanzo. Alijua kilichokosekana tangu alipokaa mara ya kwanza. Lakini mwanamke wa heshima zake angemwambiaje fundi wa kiume, mgeni, mbele ya Musa, kwamba anachodai kwenye gari ni bega la mumewe? Alikuwa na neno moja tu analoweza kulisema bila kuvuka haya yake, nalo lilikuwa bado, na alilisema mara nyingi mpaka likaanza kumtia shaka mwenyewe. Nilipolielewa hilo nilimsamehe kwa kunipeleka nyuma. Mahali pale hapakuwa pa kukaliwa na mtu.

Hili la pili limechelewa zaidi. Tulirudi kwa basi jioni ile, na nikamuuliza baba kwa nini alikuwa amejibana na mlango vile njia nzima.

"Mlango ulikuwa unapiga kelele," alisema. "Nilikuwa naushikilia."

Nilimwamini. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kunidanganya, na magari ya zamani hupiga kelele. Ila mlango ule ulikuwa kimya. Nilikuwa nyuma yake, shavu kwenye kioo, ningesikia. Baba alikuwa tu na mke aliye mbali, na alijua mtu asiyekuwepo anahitaji nafasi kiasi gani. Akaitoa, kutoka Garhoud mpaka kwenye lango la Bi Salma, bega lake likiumia, bila kumwambia yeyote.